Harufu ya Choo Ndani ya Nyumba: Tutafute Chanzo Chake



Nyumba nyingi siku hizi zina choo cha maji, bafu la ndani na sinki. Ni maendeleo mazuri, lakini akina mama hutuuliza: "Tunasafisha kila siku, mbona nyumba inanuka?" Wengi hupulizia manukato. Huko ni kuficha ugonjwa bila kuutibu.

Chini ya kila sinki, choo na tundu la bafu, bomba limepindwa. Katika pindo hilo hubaki maji yenye kina cha sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango: uchafu hupita, lakini hewa ya karo hairudi. Basi harufu ikiingia, tuchunguze hivi:

1. Je, kuna tundu lisilotumika, kama la bafu la wageni? Maji yake hukauka. Mwaga ndoo moja ya maji, ungoje hadi kesho. Harufu ikiisha, chanzo umekipata. Rudia kila wiki.

2. Je, harufu iko kwenye sinki moja tu? Pengine ni mafuta, nywele na mabaki ya chakula. Weka ndoo chini, fungua pindo, lisafishe.

3. Je, maji yakishuka bomba hugugumia? Huenda bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa limeziba, hata maji ya pindo yananyonywa. Mwite fundi.

4. Je, choo hutikisika ukikikalia? Kiungo chake na bomba huenda kimeachia.

5. Je, vyumba vyote vinanuka na maji yanashuka polepole, hasa wakati wa masika? Karo limejaa au bomba kuu limeziba.

Harufu peke yake haileti kipindupindu wala homa ya matumbo. Lakini inaweza kutuonyesha bomba linalovuja, na uchafu huo ukifika kisimani, watoto ndio wa kwanza kuugua. Kisima kiwe mbali na karo, angalau mita 30, na kisiwe upande wa chini wa mteremko. Maji ya kunywa yachemshwe.

Sasa tunaonya. Usichanganye dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu. Usiwashe kiberiti karibu na karo lililo wazi, kwa maana hewa yake huweza kulipuka. Na mtu yeyote asiingie ndani ya karo, hata kwa dakika moja. Hewa yenye harufu ya yai viza, ikiwa nyingi, huua pua isinuse tena, kisha humwangusha mtu. Anayeruka kumwokoa huanguka naye, na familia huzika wawili. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Ita watu na waokoaji wenye vifaa vya kupumulia. Mfuniko uwe mzito, watoto wasiweze kuufungua.

Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nyumba nayo tuitunze. Mungu awabariki.