Mwaka 1728: Tarehe za Pwani na Hesabu ya Miaka Kericho

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili huukuta mwaka 1728 mapema sana katika masomo yake, kwani ndio unaohusishwa na hati ya kale ya Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Utendi huo wa Bwana Mwengo wa Athumani, wa Pate, husimulia vita vya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Ikumbukwe kuwa tarehe ya hati si lazima iwe tarehe ya utunzi.

Machi mwaka huohuo Wareno waliingia tena Ngome ya Yesu, Mombasa, waliyopokonywa na Waomani mwaka 1698. Pate, iliyokuwa na ugomvi na Waomani, iliwaunga mkono. Hawakudumu: Novemba 1729 watu wa Mombasa waliwafukuza.

Hata hivyo, je, matukio hayo mawili ni ya mwaka mmoja? Mwaka wa Hijria 1141 ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729. Kwa mwandishi wa Pate, basi, Wareno waliingia ngome mwaka 1140. Uingereza nako hali haikuwa tofauti sana. Baharia James Cook alizaliwa huko tarehe 27 Oktoba 1728 kwa kalenda iliyotumika wakati huo. Kwa kalenda ya sasa ni 7 Novemba.

Suala hili huwa gumu zaidi likipelekwa Kericho na Bomet. Michai inayofunika vilima vya huko leo haikuwapo. Mashamba makubwa yalianzishwa miaka ya 1920. Wala hakukuwa na hati. Lakini uzazi ulihifadhiwa, tena kwa undani ambao rejista haina. Katika mapokeo ya Wakipsigis, Kipkoech au Chepkoech ni mtoto aliyezaliwa kukipambazuka. Kibet au Chebet, mchana. Kiprotich au Cherotich, ng'ombe wakirejea zizini. Kiprop au Cherop, mvua ikinyesha. Jina hutunza saa na hali ya hewa, likauacha mwaka.

Mwaka wenyewe hutafutwa kwenye ibinda, yaani rika analoingia mtu kwa jando. Maina, Chumo, Sawe, Kaplelach na Nyongi ni miongoni mwa marika hayo. Hufuatana kwa zamu, na mzunguko wote huchukua zaidi ya miaka 100 kabla ya jina kurudi. Hapo ndipo watafiti chipukizi hujikwaa: wakisikia kuwa babu fulani alikuwa Maina, huandika mwaka papo hapo. Swali la kwanza lingekuwa: Maina wa mzunguko upi? Mzee hulijibu kwa kutaja marika ya baba, babu na baba wa babu, mmoja baada ya mwingine, hadi afike anapotakiwa.