Kijiji cha Weyerbusch na Asili ya Vyama vya Mikopo

Weyerbusch ni kijiji kidogo cha wakulima katika vilima vya Westerwald, magharibi ya Ujerumani. Mwaka 1845 aliwekwa huko meya, yaani mkuu wa kijiji hicho na vijiji jirani, kijana wa miaka 26 aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen.

Hata majira ya baridi ya 1846 kuingia 1847, njaa ikashika nchi. Viazi vilikuwa vimeoza kwa ugonjwa, na mavuno ya nafaka yalikuwa haba. Serikali ilileta chakula, lakini kiuzwe kwa fedha taslimu; na maskini fedha hawana. Raiffeisen akawakusanya wenye mali, wakachanga. Unga ukanunuliwa, tanuri ya mikate ikajengwa kijijini, na wasio na kitu wakapewa mkate kwa ahadi ya kulipa baadaye.

Mwaka 1848 alihamishwa Flammersfeld. Huko alikuta adui mwingine, ndiye mkopeshaji wa riba. Mkulima aliyekopa ng'ombe aliweza kupoteza ng'ombe, na shamba pia. Basi mwaka 1849 wenye mali wapatao 60 wakaungana kudhamini mikopo, ili maskini wanunue ng'ombe na kulipa kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Lakini huruma ya matajiri haidumu. Miaka ilivyopita, wengi walichoka. Kwa hiyo mwaka 1864, katika kijiji cha Heddesdorf, Raiffeisen alianzisha chama chenye kanuni nyingine: akopaye sharti awe mwanachama, na wanachama wote wadhamini deni la chama kwa mali zao zote. Chama kilikaa katika eneo dogo, watu wajuane. Kwa maana jirani hujua ni nani mchapa kazi na ni nani mlevi. Tangu hapo maskini hakuwa mwombaji tena, bali mwenye chama.

Raiffeisen alifariki mwaka 1888. Vyama vya akiba na mikopo vilivyomo Tanzania na Kenya ni vya ukoo huo. Fundisho lake ni hili: msaada wa kupewa huokoa mwaka wa njaa, lakini dhamana ya jirani kwa jirani ndiyo ilindayo shamba miaka yote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali:
1. Kwa nini msaada wa matajiri haukutosha?
2. Kwa nini chama kiliwekwa katika eneo dogo?