Kutoa Yaliyo Moyoni Bila Kufungua Kinywa: Hatua 6 kwa Mwanafunzi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi ambaye akiulizwa "una nini?" hujibu "sina kitu" huku koo limemkaba. Fuata hatua kwa mpangilio. Sharti la kuruka ni moja: ukiwa na wazo la kujidhuru, au kuna mtu anayekudhuru, nenda hatua ya 5 sasa hivi.

1. Andaa karatasi 5, kalamu, saa na bahasha 1. Karatasi 4 ni za ndani: hazisomwi na mtu mwingine. Ya tano ni ya kutoka: hiyo ndiyo itakayosomwa.

2. Chagua mahali pa faragha na muda usiobadilika kwa siku 4 mfululizo.

3. Andika dakika 15 kwenye karatasi ya ndani, moja kwa siku. Eleza tukio na ulivyohisi; kisa peke yake hakitoshi. Usisahihishe tahajia. Ukikwama, rudia sentensi ya mwisho hadi nyingine ije. Hakiki: je, ipo sentensi inayoanza na "Nilihisi"? Kama haipo, iongeze.

4. Pumzika dakika 10, unawe uso. Usishtuke ukijisikia vibaya zaidi. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao wa wanafunzi wa chuo nchini Marekani: walioandika tukio pamoja na hisia walihuzunika mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Siku ya 4, chana karatasi zote za ndani.

5. Jaza karatasi ya kutoka kwa sentensi 3: nahisi nini, kilianza lini, naomba nini. Mfano: "Shikamoo mwalimu. Nahisi hofu wanaposomwa wadaiwa wa ada. Ilianza muhula huu. Naomba jina langu lisisomwe mbele ya darasa." Hakiki sentensi ya tatu kwa makini. Ombi lisipoeleweka utaulizwa maswali, na utalazimika kusema.

6. Kabidhi bahasha mkononi kwa mwalimu wa ushauri nasaha, matroni au mtu mzima unayemwamini. Usiiache mezani. Juu yake andika: "Naomba jibu kwa maandishi." Siku 2 zikipita bila jibu, andika nyingine, mpe mtu wa pili. Penye hatari usingoje hata saa moja: mwombe mwenzako apige 116, simu ya bure ya watoto Tanzania na Kenya.

Nawe mwalimu unayepokea bahasha hiyo, ijibu siku hiyohiyo.