Somo: Tone la Mvua na Udongo wa Mlima

Ninyi wakulima wa vilima vya Butembo na wa upande wa Beni, sikieni somo hili. Mwajua kwamba shamba jipya la mlimani huzaa vizuri miaka ya kwanza, halafu maharagi yanakuwa mafupi na ya manjano. Watu husema, udongo umechoka. Mara nyingi haukuchoka tu: umekwenda bondeni. Nani ameuchukua? Ni mvua. Basi tujue nguvu ya mvua yatoka wapi, tupate kuivunja.

1. Dunia huvuta vitu vyote

Kitu kikiachwa mkononi huanguka, kwa sababu dunia hukivuta. Kila sekunde inayopita, mwendo wake huongezeka karibu meta 10 kwa sekunde. Kitu kizito huvutwa kwa nguvu zaidi, lakini pia ni kigumu zaidi kuondoka mahali pake. Kwa hiyo pasipo hewa vyote huanguka sawasawa. Mwaka 1971 Mmarekani David Scott aliangusha nyundo na unyoya mwezini, mahali pasipo hewa. Vikafika chini pamoja.

2. Hewa huzuia

Hapa kwetu hewa iko. Twaa karatasi mbili zilizo sawa. Moja uifinyange iwe kama jiwe, nyingine uiache wazi, kisha uziachilie pamoja. Uzito ni mmoja, lakini ile iliyofinyangwa hutangulia, kwa maana hewa haina mahali pakubwa pa kuizuia. Akina mama wajua jambo hili wakipepeta: makapi hupeperuka, maharagi hurudi katika ungo.

Tone la mvua likianguka meta 1,000 bila hewa, lingefika kwa mwendo wa meta 140 kwa sekunde. Lingetoboa majani yote ya migomba. Lakini kadiri tone linavyozidi mbio, hewa nayo huzidi kulizuia, mpaka nguvu mbili zalingana. Hapo mwendo hauongezeki tena. Tone lenye upana wa milimeta 1 hufika kwa meta 4 hivi kwa sekunde; lenye milimeta 5, kwa meta 9 hivi.

Tazama sasa. Tone kubwa hilo lina maji mara 125 ya lile dogo. Tena mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya pigo huwa mara nne. Basi pigo la tone kubwa lapita la dogo zaidi ya mara 500. Ndiyo sababu manyunyu ya siku nzima hayaharibu shamba kama mvua kubwa ya nusu saa.

3. Pigo juu ya udongo mtupu

Mvua ya milimeta 1 juu ya meta moja ya mraba ina uzito wa kilo 1. Shamba la meta 20 kwa 50 likinyeshewa milimeta 20, limepokea kilo 20,000, yaani tani 20 za maji. Kila tone hupiga na kurusha udongo. Tazama matope yaliyorukia ukuta wa nyumba yako.

Katika tambarare udongo uliorushwa hauendi mbali. Mlimani maji huuteremsha, na mteremko ukiwa mkali na mrefu, mbio zake huzidi. Ninyi mliosafisha dhahabu huko Manguredjipa mwajua kazi hii: maji ya karai huchukua kilicho chepesi, na kizito hubaki. Lakini katika karai hubaki dhahabu. Katika shamba hubakia mawe, na udongo mzuri ndio unaopotea.

4. Mambo ya kufanya

a) Lima na kupanda kwa kukata mlima, usifuate mteremko. Kila tuta lizuie maji.

b) Panda mistari ya mabingobingo kukata mlima, ili mwendo wa maji ukatike. Majani yake yatalisha mbuzi pia.

c) Funika udongo kwa majani ya migomba na mabua. Usiyachome. Tone likidondoka kutoka urefu wa sentimeta 30 tu, hufika kwa meta 2 na nusu kwa sekunde, halina nguvu tena.

d) Usitegemee miti mirefu peke yake. Matone hukusanyika juu ya majani, huwa makubwa, na yakianguka meta 10 hupata tena karibu mwendo wake wote. Chini ya mikaratusi acha majani makavu yalale, usifagie.

5. Jaribu mwenyewe

Kabla ya mvua, weka vijiwe vitano juu ya udongo mtupu, na vitano pale palipofunikwa. Baada ya mvua kubwa kadhaa, tazama. Penye udongo mtupu utaona kila kijiwe kimesimama juu ya kiguzo cha udongo. Urefu wa kiguzo ndio unene wa udongo ulioupoteza.

Maulizo

1. Kwa nini nyundo na unyoya havifiki chini pamoja hapa Butembo?
2. Shamba la meta 10 kwa 30 likinyeshewa milimeta 15, limepokea kilo ngapi za maji?
3. Kwa nini majani yaliyolala chini hulinda udongo kuliko majani yaliyo juu ya mti?