Kuchagua Jenereta ya Nyumbani

Ndugu wasomaji, ninyi mlio darasani sasa na sisi tuliotoka zamani: mimi ni fundi wa umeme, na sayansi niliyoanza kujifunza katika shule yetu hii ndiyo inipatiayo chakula hadi leo. Kila umeme unapokatika mara kwa mara, watu huniuliza, "Fundi, tununue jenereta gani?" Wengi hutaka jibu la neno moja, yaani jina la kiwanda au bei. Lakini jibu hutafutwa nyumbani kwa kalamu na karatasi, kabla ya kwenda dukani. Katika somo hili nataka kuwaonyesheni namna ya kulitafuta.

Kwanza yafaa tujue mashine yenyewe. Mwaka 1831 Michael Faraday, mtaalamu wa Uingereza, aligundua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na koili ya waya, umeme hutokea katika waya ule. Jenereta zote hufuata kanuni hiyo. Katika hizi ndogo za kubebeka, injini ya petroli ndiyo izungushayo sumaku. Umeme wa nyumbani hapa Uganda ni volti 240, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, yaani Hezi 50. Jenereta ya kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika. Gawanyeni kwa 60, mtapata 50. Ndiyo sababu injini yake haiwezi kupunguza mbio, hata ikiwa inawasha taa moja tu.

Ziko pia jenereta za inveta. Hizo hutengeneza Hezi 50 kwa vifaa vya elektroniki, kwa hiyo injini yaweza kwenda polepole mzigo ukiwa mdogo. Hula mafuta kidogo na kelele yake si kubwa, ila bei yake ni ya juu. Tena, anayenunua mashine iliyokwisha tumika ng'ambo asome kibao chake vizuri. Nyingi za Marekani hutoa volti 120 na Hezi 60, nazo hazifai kwa vyombo vyetu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye aliniomba nimchagulie jenereta ya nyumba ya wazazi wake karibu na Kabale. Mama yake ana ugonjwa wa sukari, na akiba yake ya insulini lazima ikae katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Rafiki yangu alikuwa ameona mashine ya bei nafuu iliyoandikwa wati 1,000. Nilimwambia aandike kwanza vyombo vinavyohitajika kweli umeme ukikatika. Alirudi na orodha hii: taa 5 za wati 10, jumla wati 50; televisheni, wati 80; kuchaji simu, wati 20; friji, wati 150. Jumla ni wati 300. Akacheka, akasema, "Basi wati 1,000 zimezidi!"

Lakini chombo chenye mota kina tabia yake. Kama vile mtu asukumavyo gari lililosimama, kazi kubwa iko mwanzo. Likishaanza kwenda huwa jepesi. Friji ile iliyokula wati 150 ikienda, ilitaka kama wati 900 kwa muda mfupi sana wa kuanza. Kwa hiyo tukajumlisha upya: 50 na 80 na 20 na 900, jumla wati 1,050. Tayari mashine ya 1,000 imeshindwa. Mota isipopata nguvu ya kutosha hunguruma bila kuzunguka, hupata joto, na mwisho yaweza kuungua. Hapo mama angekosa umeme na friji pia.

Jambo la tatu husahauliwa na watu wengi, nalo linatuhusu sana sisi wa nchi za milimani: ni urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Mkienda juu, hewa huwa nyepesi, na injini huvuta hewa kidogo ya kuchomea petroli. Kwa kila mita 300 nguvu hupungua karibu asilimia 3.5. Mombasa hakuna hasara. Kampala, iliyo kama mita 1,200, hupoteza karibu asilimia 14. Kabale, iliyo kama mita 2,000, hupoteza karibu asilimia 23. Kwa hiyo mashine ya wati 1,000 ikifika Kabale ina wati 770 tu. Ile ya wati 2,000 hubaki na wati 1,540, nayo yaweza kubeba mzigo wetu wa 1,050 bila kuhema. Ndiyo tuliyoichagua.

Mkisoma kibao cha mashine, tafuteni nguvu ya kudumu. Mara nyingi namba iliyochorwa kwa herufi kubwa ni ile iwezayo kutolewa kwa kitambo kidogo tu. Na ikiwa imeandikwa kVA 2.5 pamoja na namba 0.8, zidisheni hizo mbili: nguvu yake ya kweli ni kilowati 2.

Je, si afadhali kununua kubwa kabisa? La. Kubwa hula petroli nyingi kwa kazi ileile ndogo. Pasi na birika la umeme visiingie katika orodha, maana birika moja laweza kutaka wati 2,000 peke yake. Jiko la mkaa lipo. Wala si lazima mashine ingurume usiku kucha. Friji isipofunguliwa hushika baridi yake kwa muda wa saa 4 hivi. Nilimshauri rafiki yangu aweke kipimajoto ndani ya friji, awashe jenereta saa moja katika kila saa nne, kisha atazame kama inatosha. Kama yatosha, katika giza la saa 12 mashine hufanya kazi saa 3 tu. Tena, mwenye haja ya taa na simu peke yake asinunue jenereta. Kibao kidogo cha umeme wa jua na betri vyamtosha.

Ndugu zangu, sasa nasema jambo lililo kubwa kuliko hesabu zote. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, na aliyelala hufa bila kuamka. Kamwe msiwashe jenereta ndani ya nyumba, wala barazani, wala gerejini hata mlango ukiwa wazi. Iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka madirisha na milango, ya kwenu na ya jirani pia. Najua kwa nini watu huiingiza ndani: waogopa mvua na wezi. Dawa ya mvua ni paa lisilo na kuta, na dawa ya wezi ni mnyororo. Mtu akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu mashine ikiwaka, wote watoke nje mara moja.

Tena, msitie umeme wa jenereta katika soketi ya ukutani. Umeme huo hutoka nje hadi transfoma ya nguzoni, nayo hufanya kazi kinyume na kuupandisha hadi volti 11,000. Fundi aliye juu ya nguzo, aliyedhani waya umekufa, hufa yeye. Unganisheni vyombo moja kwa moja kwenye mashine, au mwiteni fundi aweke swichi ya kubadilishia, isiyoruhusu njia mbili kukutana.

Mwisho ni utunzaji. Zimeni mashine na kuiacha ipoe kabla ya kutia petroli. Badilisheni oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila baada ya saa 100 au kama kitabu chake kisemavyo. Iwasheni mara moja kwa mwezi, hata umeme ukiwapo, ili siku ya haja isiwakatae.

Na hili ni zoezi la wanafunzi. Nyumba iliyo Kampala ina taa 6 za wati 10, friji ya wati 150 itakayo 900 ikianza, na pampu ya maji ya wati 600 itakayo 1,800 ikianza. Friji na pampu hazianzi pamoja, lakini moja yaweza kuanza nyingine ikiwa inakwenda. Je, wanunue mashine ya wati 2,000 au ya 3,000? Onyesheni njia yote, kisha mkifika nyumbani fanyeni hesabu hiyo kwa vyombo vya wazazi wenu.