Ufahamu: Mashudu ya Alizeti

Soma kifungu hiki kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Alizeti ikishakomaa, mbegu zake hukamuliwa mafuta. Makapi yanayobaki huitwa mashudu. Wapo wanaoyaona taka, kumbe ni chakula bora cha mifugo: yana protini nyingi, vitamini E na viambata vingine vinavyokinga seli zisiharibiwe na oksijeni. Mfugaji wa Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, anaweza kuyachanganya na pumba za mahindi ili ng'ombe wasitegemee nyasi pekee wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, mashudu yenye unyevu huota ukungu unaoweza kutoa sumukuvu. Ng'ombe akiyala, sumu hiyo huingia kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Mwaka 2016, sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mashudu yahifadhiwe pakavu, juu ya chaga, na yaliyoota ukungu yatupwe.

Maswali
1. Kwa nini mashudu si taka? Toa sababu mbili. (alama 2)
2. Eleza jinsi sumukuvu inavyotoka kwenye mashudu hadi kwa mnywaji wa maziwa. (alama 3)
3. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 25. (alama 5)