SONONA NI UGONJWA, NAO UNA TIBA

Ndugu msomaji, katika somo letu la afya leo tutajifunza juu ya ugonjwa usioonekana kwa macho. Ugonjwa huo unaitwa sonona. Sonona ni huzuni nzito isiyokwisha. Pia tutajifunza jinsi sumaku inavyotumika kuutibu, ili asitokee mtu wa kukudanganya.

Dalili zake ni zipi?

Tuchukue mfano wa mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, karibu na Mlima Meru. Nyanya zake zimeiva, lakini hatoki kitandani. Usiku hapati usingizi. Chakula hakimpendezi. Hata mjukuu wake akicheka, yeye hafurahi. Anajiona hana faida kwa mtu yeyote. Hali hii imeendelea kwa zaidi ya majuma mawili.

Majirani wengine wanasema ni mvivu. Wengine wanasema amerogwa. Wote wamekosea. Mkulima huyu anaumwa.

Kila mtu huhuzunika akifiwa, au mvua ikikosekana. Huzuni hiyo hupungua polepole. Lakini sonona humfunga mtu, akashindwa kufanya kazi zake.

Sumaku hutibu namna gani?

Huenda umewahi kuona dainamo ya baiskeli. Ndani yake mna sumaku. Gurudumu likizunguka, sumaku huzunguka pia. Umeme hupatikana na taa huwaka. Gurudumu likisimama, taa huzimika. Hapa tunajifunza jambo moja: sumaku iliyotulia haitoi umeme.

Ubongo wetu nao hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweza kuuamsha ubongo kwa nguvu ya sumaku kutoka nje ya kichwa. Mashine yao ilikuwa na waya uliozungushwa mara nyingi kama pete. Umeme mkali hupitishwa katika waya huo na kukatwa upesi sana. Kwa kitambo kidogo waya huwa sumaku. Nguvu yake hupenya fuvu la kichwa bila kulitoboa. Ndipo umeme mdogo hutokea ndani ya ubongo.

Baadaye wataalamu waliona kwamba kuuamsha ubongo hivyo mara nyingi huweza kupunguza sonona. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliruhusu mashine ya namna hiyo itumike kutibu ugonjwa huu.

Mgonjwa huketi kitini akiwa macho. Hapasuliwi, wala halazwi usingizi. Kwa kawaida hutibiwa siku 5 kwa juma, kwa majuma 4 hadi 6. Wengine huumwa kichwa. Mara chache sana mtu hushikwa na degedege. Mwenye chuma ndani ya kichwa hatibiwi hivyo. Tiba hii hupewa zaidi wagonjwa ambao vidonge havikuwasaidia. Wengi hupata nafuu, lakini si wote.

Jihadhari na wadanganyifu

Mtu akikuuzia bangili ya sumaku sokoni Tengeru, akasema inaponya sonona, kumbuka dainamo. Sumaku ya bangili imetulia. Haiwezi kuamsha ubongo. Usiuze mbuzi wako kwa ajili hiyo.

Tufanye nini?

Usingoje mashine. Tiba ya kwanza ya sonona ni mazungumzo na vidonge. Nenda zahanati au kituo cha afya. Ikiwa lazima, mganga atakupeleka hospitali kubwa, kama ile ya Mount Meru mjini Arusha. Vidonge huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Usiviache siku ya tatu kwa kuwa huoni mabadiliko. Usiviache ghafla hata ukipata nafuu. Muulize mganga kwanza.

Mazungumzo nayo ni dawa. Mwaka 2002, katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, wanavijiji wenye sonona walikutana katika vikundi mara moja kwa juma, kwa majuma 16. Walizungumza shida zao wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kazi hiyo. Walipata nafuu kubwa kuliko wagonjwa ambao hawakuwa katika vikundi.

Mgonjwa akisema heri afe

Usimcheke. Usimwambie ajikaze. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumfundishi jambo hilo, bali humpa nafasi ya kutua mzigo wake. Usimwache peke yake. Dawa za kunyunyizia nyanya zifungie mbali naye, na ufunguo awe nao mtu mwingine. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, mwenye malaria hatumwiti mvivu. Tunampeleka zahanati. Mwenye sonona naye tumpeleke.

Maswali ya kujadili darasani

1. Huzuni ya kawaida na sonona zinatofautiana namna gani?
2. Kwa nini bangili ya sumaku haiwezi kutibu sonona?
3. Katika kijiji chenu, dawa za shambani zinawekwa wapi? Je, mahali hapo ni salama?